Mahal, Mahari na Mahali

Wasomaji wangu wamezoea kunisikia nikilalamika juu ya katiba na bajeti. Leo wanistahamilie nizungumzie uchumba, kwani khabari zenyewe zimeshafika Jaws Corner kabla yangu, na wazee wa kahawa wameshampa mchumba wangu lakabu: Shemeji wa Simu.

Shemeji wa Simu ni Mfilipino, mzaliwa wa visiwa vya Tawi-Tawi, kusini kabisa mwa nchi yao, ambako wakaazi walio wengi ni Waislamu kama sisi. Tulijuana Maskati, mji ambao Mzanzibari huenda kuwaangalia jamaa zake na Mfilipino huenda kutafuta riziki. Sasa kila mmoja amerudi kwao, na baina yetu zimekaa saa tano. Ninapofuturu hapa Mji Mkongwe, yeye anakaribia kulala. Nipatapo wasaa wa kumpigia, saa tatu ya usiku, kwake ni saa nane. Hupokea kwa sauti ya mtu aliyefukuliwa usingizini, na bado hudai kwamba alikuwa macho akisoma.

Mpelelezi mkuu wa uchumba huu ni shangazi yangu aliyenilea. Siku moja alichungulia simu yangu, akaliona neno mahal. “Alhamdulillahi,” akasema, “kijana ana adabu, ameanza mwenyewe kutaja mahari.” Ikabidi nimfafanulie kwamba kwa Kitagalogi mahal ni mpenzi, na neno hilo hilo ndilo pia kitu cha bei ghali. Akafikiri kidogo. “Basi wenzetu wana akili, jambo moja wamelipa neno moja. Hebu muulize, yeye ni ghali kiasi gani?” Mchumba akajibu kwamba huko kwao nako mwanamume ndiye atoaye, kwa hiyo bei aulizwe shangazi.

Jamaa zetu wa Paje, kwa upande wao, hawakuona ugeni wowote. Mama mmoja mkulima wa mwani aliniambia: “Mwanangu, Mfilipino wa kwanza tulimpokea zamani.” Alikusudia mwani wenyewe. Mbegu zilizoanza kupandwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 zililetwa kutoka Ufilipino, na Tawi-Tawi ni miongoni mwa sehemu zinazosifika kwa kilimo hicho. Mkwe wangu mtarajiwa naye hufunga mbegu kwenye kamba kama wafanyavyo wanawake wa pwani yetu ya mashariki, na hulalamikia bei kama wao. Tulipowakutanisha kwa simu ya picha, walionyeshana kamba na mikono iliyochubuka kwa maji ya chumvi. Walipoagana, mmoja alisema magsukul, mwengine akasema shukrani. Asili ya maneno yote mawili ni Kiarabu, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Utani wote huu naupenda. Lipo jambo moja tu ambalo halinichekeshi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 imempa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hakuwekewa kifungu kama hicho. Yeye hupita mlango wa wageni wote, kwa miaka na vibali. Kaka yangu angelimposa dada wa mchumba wangu, njia ingelikuwa imeshafyekwa. Mimi, mwenye pasi ile ile na kodi ile ile, naambiwa kimya kimya kwamba mke ndiye humfuata mume.

Historia ya mwambao haikubaliani na dhana hiyo. Mabaharia walioletwa na kaskazi waliozwa hapa, wengine wakakaa moja kwa moja, na wajukuu zao ndio sisi. Katika miji yetu ya zamani, bwana harusi mara nyingi ndiye aliyehamia kwa wakwe, na fungate ilikaliwa nyumbani kwa bibi harusi. Wahenga wetu hawakuona ajabu mwanamume kupata kwao kupitia kwa mkewe. Ajabu hiyo imekuja na makaratasi.

Uraia ni jambo la Muungano, kwa hiyo dawa yake iko Dodoma, si Chukwani. Wapo miongoni mwenu mnaoandaa miswada na kuwaandikia mawaziri hotuba. Maneno ya kubadilisha si mengi: panapotajwa mwanamke aliyeolewa na raia, patajwe mwenza wa raia, mume au mke, na masharti ya kuzuia ndoa za udanganyifu yawe mamoja kwa wote. Wanafunzi wangu wa kike, ambao leo hii wana wachumba Istanbul, Guangzhou na Kampala, wanalisubiri jibu kama mimi.

Shangazi ameshayazungumza mahari na upande wa pili, kwa kiasi ambacho nimekatazwa kukitangaza. Linalotushughulisha sasa ni mahali pa kukaa.