Klorini Baada ya Chujio

Klorini ikikutana na asidi za majani na mizizi iliyooza mtoni, haiui vijidudu tu. Huzaa pia kemikali mpya. Zilizo maarufu zaidi ni trihalomethani nne, klorofomu ikiwa mojawapo. Johannes Rook, mkemia wa maji huko Rotterdam, alieleza mwaka 1974 kwamba zinatokana na utiaji klorini wenyewe. Mwaka 1979 Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita, baadaye kikashushwa hadi 80.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia kazi ya zamu katika mtambo wa maji ya mto bila kujua lolote kati ya hayo. Alichofundishwa ni kwamba klorini itiwe mapema, na itiwe ya kutosha. Ilitiwa penye lango la maji ghafi, kabla ya shabu, ili mwani usiote kwenye kuta za matangi. Masika yalipofika na mto kushuka na rangi ya chai kavu, uchafu uliimeza klorini yote. Kipimo kilisoma karibu na sifuri, dozi ikaongezwa, na asubuhi mwandishi akakabidhi zamu akijiona mchapakazi. Kumbe alikuwa akiipika klorofomu kwa mikono yake. Joto la pwani huharakisha mmenyuko huo, na maji yakikaa siku kadhaa bombani, kiasi huzidi kupanda. Karibu na bahari huongezeka bromidi, inayozaa aina zenye bromini.

Tiba ilianzia kwenye majaribio ya bika: maji yaleyale, dozi tofauti za shabu, pH tofauti. Shabu hukamata asidi za majani na mizizi vizuri zaidi pH ikiwa kati ya 5.5 na 6.5, chini ya ile inayotosha kuondoa tope pekee. Kwa hiyo chokaa ya kurudisha pH juu ilihamishiwa mwishoni, na bomba la klorini likapelekwa baada ya chujio la mchanga. Zipo njia nyingine. Mkaa amilifu ni ghali. Kloramini huzaa trihalomethani chache lakini huua vijidudu polepole. Ozoni, penye bromidi, huleta bromati. Kwa mtambo ambao umeme wake hauaminiki, kuhamisha bomba ndiko kwenye faida kubwa kwa fedha kidogo.

Kupunguza klorini ya mwisho hakukuwa chaguo. Kipindupindu huua kwa saa, ilhali hatari ya klorofomu huhesabiwa kwa miaka mingi ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.5 kwa lita ibaki baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8.

Mwani, kama ilivyotarajiwa, ulirudi matangini. Tangu hapo kuta zinasuguliwa kwa brashi kila tangi linapokaushwa.