Chakula Dawa Kikifika Jikoni

Mgeni akifika Karagwe akaona migomba ilivyofunika vilima, haamini ukimwambia kwamba huku tunatibu watoto wenye utapiamlo mkali. Na ndizi zote hizi? Ndizi zipo, na mtoto anashiba. Lakini ndizi ni wanga na maji. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja hujaa kabla hajapata protini, mafuta na madini ya kumkuza, na hata hicho alichokula hakiingii chote mwilini, kwa sababu mara nyingi utumbo wenyewe ni mgonjwa.

Mimi ni muuguzi. Nilianza kazi upande huu kabla Kyerwa haijatengwa na Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012, na kata ya Nyakakika ni moja ya zile ninazozijua zaidi kwa njia za miguu kuliko za gari. Ugonjwa huu wa utumbo sikuusikia chuoni. Tulifundishwa kuhara, minyoo, taifodi. Hatukuambiwa kwamba mtoto anaweza kuugua utumbo miezi mingi bila kuharisha hata siku moja.

Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyonyonya chakula na kukipeleka kwenye damu. Mtoto anayetambaa kwenye ua wenye kinyesi cha kuku na mbuzi, akanywa maji ya bondeni yasiyochemshwa, humeza vijidudu kila siku. Vinyweleo vinafupika, ukuta unaanza kuvuja, masalia ya vijidudu yanapenya, na mwili unatumia chakula kupigana nayo badala ya kurefusha mifupa. Mama haoni kitu. Anaona tu kwamba mwanawe na wa jirani walizaliwa mwezi mmoja, na huyu wake amebaki nyuma. Hapo ndipo wengine hushauriwa kwamba ni meno ya plastiki, mtoto ang'olewe, naye anatufikia ana kidonda kwenye fizi juu ya tatizo alilokuwa nalo.

Kuupima ugonjwa wenyewe ni kazi. Kipimo cha uhakika ni kukata kipande kidogo cha utumbo, na hilo humfanyii mtoto anayecheza uani kwao. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walitumia njia nyepesi zaidi: mtoto ananyweshwa aina mbili za sukari, laktulosi na manitoli, kisha mkojo wake unakusanywa kwa saa kadhaa. Manitoli hupenya kirahisi kwenye utumbo wenye afya. Laktulosi haipenyi sana mpaka ukuta uwe umevuja. Uwiano wa hizo mbili kwenye mkojo unaeleza kilichoko ndani. Ukitaka kujua uvumilivu wa akina mama wa Kitanzania, fikiria kumkalisha mtoto mdogo saa zote hizo na mfuko wa kukingia mkojo.

Huko huko Haydom, kuanzia 2017, walifuatilia watoto 1,188 tangu wakiwa wachanga. Baadhi walipewa dawa za vijidudu kwa ratiba hata kama hawaumwi, azithromaisini na nitazoksanaidi. Baadhi walipewa nikotinamidi, ambayo ni vitamini ya kundi la B. Baadhi dawa bandia. Walipofikisha miezi 18, dawa hazikuwa zimewaongezea urefu. Magharibi mwa Kenya, utafiti mwingine mkubwa uliotangaza matokeo yake mwaka 2018 ulipeleka vyoo, dawa ya maji na vifaa vya kunawia mikono vijijini. Havikuwaongezea watoto urefu. Waliopata nyongeza ya lishe ndio waliorefuka, tena kidogo. Wenzangu wengine waliyasoma matokeo haya wakakata tamaa. Mimi niliyasoma kama ruhusa ya kuacha kusubiri kidonge na kurudi kwenye sahani.

Mtoto aliyezidiwa hatuanzi naye na sahani, kwa kweli. Aliyevimba sana, au aliyekataa kula, anapelekwa kulazwa na kuanzishiwa maziwa dawa ya F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, mara nyingine kwa mpira wa puani. Hapa ndipo bibi zetu hugombana nasi. "Mtoto ana njaa namna hii, sista, na nyinyi mnampimia maziwa kwa bomba la sindano?" Ninamkalisha bibi na kumweleza: moyo, figo na ini vimejifunza kuishi kwa kidogo, chumvi za mwili zimevurugika, ukimshibisha leo anaweza kufa kesho kwa hiyo shibe. Wengi huelewa. Wachache huenda kununua soda.

Uvimbe ukipungua na hamu ya kula ikirudi, anakwenda nyumbani na chakula dawa. Katika nchi tajiri, lishe ya bandia nyumbani ni mfuko wa dripu unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, njia iliyoanzia kwa daktari Stanley Dudrick kule Philadelphia mwishoni mwa miaka ya 1960. Inadai friji, pampu, chumba safi na muuguzi wa kumpigia simu usiku. Mtoto wa huku aliyezaliwa na utumbo usiofanya kazi hana njia hiyo. Lishe ya bandia ya Nyakakika ni hicho chakula dawa, paketi ya gramu 92.

Ndani yake mna karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Nguvu ya kilokalori 500. Ilibuniwa katikati ya miaka ya 1990 na Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne. Siri yake ni kwamba haina maji. Maziwa dawa yakichanganywa na maji machafu huwa sumu, lakini kwenye mchanganyiko huu mkavu wa mafuta vijidudu havipati nafasi ya kuzaliana. Daktari Mark Manary aliijaribu nchini Malawi kuanzia mwaka 2001, akiwatoa watoto wodini wakaendelee kutibiwa kwao, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na wenzake wakakubali kwamba mtoto mwenye hamu ya kula atibiwe nyumbani.

Nyumbani, lakini, kuna wenye nyumba. Mtoto wa kilo 6 anatakiwa ale paketi mbili hadi tatu kwa siku. Jikoni wako kaka na dada zake, wameshaionja, wameona ni tamu kuliko chochote. Mama gani atamlisha mmoja huku wengine wanatazama? Kwa hiyo simuulizi kama amegawa. Namuuliza alimgawia nani, na siku hiyo wale wengine walikula nini. Jibu la swali la pili ndilo linaloniambia kama mzunguko wa mkono wa mgonjwa utafika sentimita 12.5 kwenye utepe, yaani amepona. Kukiwa na maharage na dagaa nyumbani, paketi inamfikia mwenyewe. Msimu wa senene ndio mwepesi kuliko yote, ingawa sijaona ukiandikwa kwenye mwongozo wowote.

Mwaka 2022 watafiti wa mtandao wa CHAIN, wakiwemo wa Kilifi, Nairobi, Migori na Kampala, walitangaza walichokiona kwa watoto 3,101 waliolazwa katika hospitali tisa za Afrika na Asia ya Kusini. Walikufa 350, na karibu nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa. Kwangu takwimu hiyo inasema ziara ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni sehemu ya tiba, na igharamiwe hivyo. Kwa sasa ndiyo ya kwanza kufutwa fedha zikipungua, na msimu wa kahawa, mama asipoonekana kliniki, hakuna anayekwenda kumfuata.

Siku hizi siku ya kwanza ya chakula dawa ninamwita na baba. Pikipiki ni yake, na yeye ndiye anayeamua mbuzi wafungwe wapi. Wengine huja. Mmoja aliuliza kama paketi zile zinauzwa Omurushaka, anunue za wale wawili waliobaki nyumbani. Nikamwambia haziuzwi, ila karanga zinauzwa. Akatoa simu, tukaanza kupiga hesabu ya kilo moja ingetosha siku ngapi.