Mkwaruzo kwenye Gari la Msikiti

Funguo za gari la msikiti wetu hukaa kwangu, kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati. Gari hilo lilinunuliwa kwa michango ya waumini. Hubeba jeneza siku ya msiba, na siku nyingine huwabeba walimu wa madrasa. Jioni moja baada ya Magharibi, nikilirudisha nyuma, komeo la geti liliukwaruza mlango. Hakuna aliyeniona.

Nilikata shauri kulitengeneza mwenyewe kabla hajatokea wa kuuliza. Baada ya Alfajiri nilinunua kampaundi na kitambaa laini. Kwanza niliuosha mlango vizuri, maana chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa huzaa mikwaruzo mipya. Nikasugua taratibu kwa mduara, na vimistari vyembamba vikatoweka. Nilifurahi mno! Ulibaki mstari mmoja mrefu. Nikalowesha msasa namba 2000, nikaongeza nguvu, hata kwenye mkunjo wa bati ikachomoza rangi ya kijivu ya chini.

Fundi rangi alipitisha ukucha juu ya mstari ule, ukakwama.

"Ustadhi, ukucha ukikwama polishi haifai tena. Polishi haijazi shimo. Inakula rangi ya kandoni mpaka ilingane na shimo. Na vanishi ya juu ni nyembamba kama unywele. Wewe umeimaliza."

Kisha akauliza: "Risiti niandike jina la kamati?"

Swali hilo lilinichoma kuliko hasara yenyewe. Kalamu ya muhtasari ni yangu, na mhasibu hunisadiki. Nikamwambia aandike jina langu.

Kikaoni niliwasomea wajumbe ajenda zote, kisha nikaeleza habari ya mlango. Hawakunilaumu. Mzee mwenyekiti aliuliza jambo moja tu: "Katibu, mbona hukusema siku ile ile?" Sikuwa na jibu.

Mlango umepakwa rangi upya kwa fedha zangu, lakini juani rangi yake hutofautiana kidogo na ya mlango wa pili. Huiona kila ninapolifungua gari.

Ndugu msomaji, ukikwaruza gari, pitisha ukucha kwanza kabla ya kushika kitambaa. Na ikiwa gari ni amana ya watu, kabla hata ya ukucha, waambie wenyewe.