Zamani Tulisema Karogwa

Zamani kijijini kwetu, kando ya Ziwa Victoria, mtu akivimba tumbo na macho yakageuka manjano, sababu zilikuwa mbili tu: mnywaji kaponzwa na gongo, asiyekunywa karogwa. Ini halikutajwa.

Mjomba wangu, fundi baiskeli, hakuonja pombe maisha yake yote, basi akahesabiwa karogwa. Mganga akamchanja chale tumboni kwa wembe uliotoka kwenye kitambaa cheusi, uleule uliowachanja waliomtangulia. Mikono ikakonda, miguu ikajaa maji, hata usiku mmoja akatapika damu nyingi, akafa. Msibani macho yote yalimwelekea bibi mmoja mjane, jirani yake. Hazikupita siku nyingi, bibi akahama.

Siku hizo huko duniani kirusi cha homa ya ini aina ya B kilikuwa kinajulikana. Baruch Blumberg aliyekigundua alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kirusi hicho huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Huweza kukaa kimya miaka mingi huku ini likiota makovu. Nikiwaza wembe ule nasisimka: hata kama si uliomuua mjomba, ungeweza kuua wengine. Tena hapohapo kwetu palikuwa na kichocho cha ziwani, nacho huziba mishipa ya ini mpaka mtu akatapika damu. Leo unene na kisukari navyo vimeongezeka kwenye orodha ya vinavyoliharibu ini.

Ini likishindwa kabisa, au saratani changa ikiota kwenye ini lenye makovu, tumaini huwa ni kupandikizwa jingine. Ndugu aliye hai anaweza kutoa kipande cha lake, nalo likakua tena. Ila wengi wetu hulifuata India, shamba likauzwa na ng'ombe wakaisha, na dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini hilo ni za maisha.

Kinachoniuma ni kwamba bado tunafika hospitali tumbo likiwa limeshajaa, wakati kirusi cha homa ya ini aina ya B hudhibitiwa kwa kidonge kimoja kwa siku. Watoto wa Tanzania walianza kupata chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, kapime ungali mzima. Na mjane wa jirani mwacheni akae kwake.