Kutoka Kadi Iliyoungua hadi Wati za Jua

Mwalimu mmoja wa fizikia, sasa mstaafu anayeishi Meru, aliona kwa mara ya kwanza jua likipimwa huko Embu katika miaka ya 1980. Kwenye uwanja wa vipimo vya hali ya hewa palikuwa na tufe la kioo, kifaa kilichobuniwa na John Francis Campbell mwaka 1853 na kuboreshwa na George Gabriel Stokes mwaka 1879. Tufe lilikusanya miale, miale ikaunguza kadi. Wingu lilipopita, mstari ulikatika. Jioni mpimaji alitoa kadi, akapima urefu wa alama na kuandika saa za jua.

Lakini kadi haikutofautisha vizuri jua la saa tatu asubuhi na lile la saa sita mchana. Mradi imeungua, saa ilihesabiwa.

Kipimo cha Gunn-Bellani kiliziba sehemu ya pengo hilo. Tufe lake jeusi lilipopata joto, kimiminika kilichokuwa ndani kiligeuka mvuke, kikapoa na kujikusanya katika mrija wenye alama. Saa tatu asubuhi mpimaji alisoma mililita, kisha akakipindua kifaa ili kimiminika kirudi mahali pake. Hapo jumla ya nishati ya siku ilijulikana, ingawa hakuna aliyejua jua lilikuwa na nguvu kiasi gani saa saba na nusu.

Alipoanza kufundisha, mwalimu alitumia rezista ya mwanga, ile ya bei nafuu inayopunguza ukinzani mwanga unapoongezeka. Darasani ilifaa sana. Nje, kwenye jua kali, mabadiliko yake yalikuwa madogo mno kusomeka. Baadaye vikaja vihisi vidogo vya dijitali vya kupima mwanga. BH1750, kwa mfano, kwa mpangilio wa kawaida hakivuki luksi 65,535, na jua la mchana mahali hapa karibu na ikweta hupita luksi 100,000. Kingeonyesha namba ileile muda mrefu huku jua likiendelea kupanda.

"Mwalimu, sasa tutumie nini?" wanafunzi wake waliuliza.

Aliwapa paneli ndogo ya sola na rezista yenye ukinzani mdogo. Volti za paneli isiyounganishwa na chochote hubadilika kidogo tu mwanga unapoongezeka, lakini mkondo wake, ncha zake zikiunganishwa kupitia rezista hiyo, huongezeka karibu sambamba na nguvu ya jua. Kwa hiyo walipima volti kwenye rezista na kukokotoa mkondo. Paneli waliilaza sawasawa kwa pima maji, mbali na vivuli, na kuifuta vumbi.

Kilichobaki kilikuwa kugeuza mkondo kuwa wati kwa mita mraba. Walihitaji kuiweka paneli kando ya piranomita (kipimo cha mionzi ya jua) iliyothibitishwa, siku yenye anga safi, wakilinganisha usomaji kuanzia asubuhi hadi jioni. Leo kazi hiyo ni rahisi zaidi, kwa kuwa mtandao wa TAHMO umeweka vituo vya hali ya hewa katika shule za Kenya, na vingi vina kipimo cha mionzi ya jua.

Mwalimu husisitiza ulinganisho huo hasa kwa ajili ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapofunika miteremko ya Mlima Kenya. Mkulima wa Embu anayetaka pampu ya sola huhitaji kujua wati za miezi hiyo kabla ya kuamua anunue paneli ngapi.