Stata Ilipokuwa Ikifunguliwa Mezani

Siku hizi gari likigoma kuwaka, jibu huwa tayari kabla boneti haijafunguliwa: stata imekufa hiyo, leta nyingine. Kijana anatumwa dukani, anarudi na stata ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari bovu huko Japani au Dubai, anaingia mvunguni, na Mungu akijalia gari linawaka. Lisipowaka, lawama zinahamia kwenye betri. Betri mpya nayo ikishindwa, ndipo mtu anakumbuka kuangalia nyaya, na wakati huo mwenye gari ameshalipia vitu viwili ambavyo havikuwa na ubovu wowote. Hilo linaniuma, maana nimeona kazi hii ikifanywa vingine kabisa.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Jirani yetu alikuwa fundi umeme wa magari, na uani kwake palikuwa na meza nzito ya mbao iliyoshiba grisi mpaka ikawa nyeusi. Nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, nchi haina fedha za kigeni, na spea mpya ilikuwa kitu cha kusubiriwa kama mvua ya vuli. Lori likilala kwa sababu ya stata, mkonge unabaki shambani na dereva anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hali hiyo hakuna fundi aliyethubutu kutamka kwamba stata imekufa kabla hajaithibitisha.

Yule jirani alianza na masikio. "Inasemaje?" ndilo lilikuwa swali lake kwa dereva. Inasema "taka" mara moja halafu kimya? Inapiga "tatatata" mfululizo? Inazunguka yenyewe kwa kasi bila kuigusa injini? Inakwaruza? Sisi watoto tuliona kama mchezo, kumbe kila mlio ulikuwa na maana yake. Ile "tatatata" ni solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inayoshika na kuachia kwa sababu umeme hautoshi, basi mkosefu wa kwanza ni betri au vichwa vyake. "Taka" moja nzito ni solenoidi iliyoshika lakini umeme haupiti kwenda kwenye mota. Kuzunguka bure ni bendeksi iliyochoka, ile gia ndogo ya stata inayoshika injini. Kukwaruza ni meno, ama ya bendeksi ama ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini.

Baada ya hapo aliwasha taa kubwa za mbele na kumwambia dereva apige stata, yeye akisimama mbele ya gari akizitazama. Taa zikififia mpaka zikabaki nyekundu kama makaa, kuna umeme mwingi unavutwa, na betri au nyaya haziwezi kuutoa, au kuna kitu kimekwama. Taa zikibaki vilevile na gari halisemi kitu, umeme haufiki kwenye stata, au umefika ukakuta kaboni zimekwisha. Kisha alishika vichwa vya betri kwa vidole. Kichwa kilichopata moto baada ya kupiga stata kina ukutu ndani hata kama nje kinang'aa. Mwisho alichukua waya mnene, akaunganisha upande wa hasi wa betri moja kwa moja na chuma cha injini. Gari likiwaka hapo, tatizo lilikuwa waya wa ethi, na stata haikuguswa hata kwa spana.

Alikuwa na mwanafunzi, kijana wa kutoka Pangani. Kijana akija asubuhi na kusema, "Shikamoo fundi," alijibiwa, "Marahaba. Hilo gari umelisikia?" Hakuambiwa kuna nini, alitakiwa aseme yeye kwanza. Akikosea, gari lilipigwa stata tena mpaka asikie.

Stata ikishahukumiwa, ilitolewa, lakini si kabla ya kufungua waya wa hasi kwenye betri, kwa sababu ule waya mnene wa stata una umeme wakati wote na spana ikigusa bodi cheche zake si za kuchezea. Mezani ilifunguliwa kwa utaratibu. Boliti ndefu mbili, kifuniko cha nyuma, halafu kaboni zinajitokeza, zimekaa kwenye vibebeo vyake huku springi zikizisukuma. Kaboni iliyoisha haiifikii tena shaba kwa nguvu inayotakiwa. Ndiyo maana stata ya namna hiyo ukiigonga kidogo kwa nyundo inaamka siku moja, kesho imelala. Ile sehemu ya shaba inayozunguka chini ya kaboni alikuwa anaisugua kwa msasa laini, halafu anachukua kipande cha jino la msumeno wa chuma kuchokonoa vifereji vyake kimoja kimoja, vitoke vumbi la kaboni. Kaboni mpya ikikosekana, alichukua kubwa ya mota ya kiwandani akaichonga kwenye msasa mpaka ikaingia sawasawa. Bushi zilizolika alichongesha kwa fundi wa mashine. Amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, ikiungua ilisukwa upya, waya kwa waya. Stata ilitoka pale ina umri mwingine mbele yake.

Siisifu kila kitu cha zamani. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, kwa mfano, siikumbuki kwa mapenzi. Land Rover na Peugeot za siku zile zilikuwa na tundu lake mbele, na tulifundishwa kuweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke ilivunja kifundo cha mkono. Charles Kettering, Mmarekani aliyetengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, aliwaokoa watu wengi na adha hiyo. Kabla yake alikuwa ameweka mota ya umeme kwenye mashine za kuhesabia fedha dukani, akajua kwamba mota ndogo inaweza kutoa nguvu kubwa ikiwa itafanya kazi kwa sekunde chache tu. Mpaka leo stata inaishi kwa kanuni hiyo. Inavuta ampea 100, 200 au zaidi kwa muda mfupi, na ukiishikilia muda mrefu unaiunguza.

Stata za sasa ni bora pia. Nyingi zina gia ndani, ni nyepesi, na hudumu miaka mingi. Lakini ubora huo haukuondoa haja ya kupima. Umeiongeza. Gari la leo linaweza kunyamaza kwa sababu swichi ya gia ya otomatiki haijui kama uko kwenye P, na ukisogeza hadi N linawaka. Linaweza kunyamaza kwa sababu ya relei, fyuzi, au ufunguo ambao kompyuta imeukataa. Na la otomatiki hulisukumi likawaka kama tulivyosukuma yale ya zamani.

Jirani yangu hapa Dar es Salaam, mama mmoja mfanyabiashara, gari lake dogo la Kijapani lilikuwa linasema "taka" asubuhi, halafu likiguswa mara ya tatu au ya nne linawaka. Aliuziwa stata nzima ya mtumba. Haukupita muda mrefu nayo ikaanza ile ile "taka". Ikapatikana stata ya kwanza, bado iko kwenye buti, na fundi mmoja mtu mzima akafungua kifuniko cha solenoidi. Ndani mna vipande viwili vya shaba vinavyounganishwa na kidude kinachorudi na kwenda. Kimoja kilikuwa kimelika upande mmoja, kimebaki chembamba kama ukucha. Kilibadilishwa kwa sehemu ndogo sana ya pesa alizokwisha kutoa. Stata ngapi zenye ubovu wa kipande hicho tu zinauzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu?

Sitaki kuwatupia vijana mzigo wote. Wengi wamepita vyuo vya ufundi vya VETA, wana mita za kisasa, na wanajua kwamba betri iliyojaa inasoma volti 12.6 na kwamba wakati wa kupiga stata haitakiwi kushuka chini ya 9.6. Wanaoharibu kazi ni sisi wenye magari. Fundi akitumia saa nzima kupima, akakaza waya mmoja na kusafisha kichwa cha betri, tunamuuliza, "Sasa umefanya nini cha kulipia?" Akitundika stata mpya kwa dakika 40, tunatoa pesa bila kunung'unika. Tumemfundisha kwamba jicho na sikio lake havina bei, ila kifaa ndicho chenye bei, naye amejifunza vizuri.

Gari lako likinyamaza kesho, mwombe fundi apime kwanza: taa, vichwa vya betri, ethi, solenoidi. Akikuambia stata ni nzima na hakuna cha kununua, mlipe kwa kupima.