Buhemba: Mpunga na Kamba Katika Jaruba Moja

Msomaji mpenzi, shika njia ya Musoma mpaka Butiama, kisha endelea mbele hadi Buhemba. Jina la mahali hapa limevuma kwa sababu ya dhahabu, iliyochimbwa tangu zamani za ukoloni. Lakini leo tuyaache mashimo, tuyatazame mabonde. Mahali maji ya mvua yanapotuama, mkulima aweza kukata majaruba na kupanda mpunga. Je, maji hayo hayo yaweza kumpatia na kitoweo cha kuuza?

Huko Bangladesh jambo hili limewezekana. Tangu miaka ya 1970 na 1980, wakulima wa Bagerhat na Khulna wamekuwa wakichimba mfereji kuzunguka jaruba na kuinua kingo zake. Wakati wa mvua hufuga kamba wakubwa wa maji baridi. Wakati wa kiangazi hupanda mpunga katikati. Kinyesi cha kamba na mabaki ya chakula hurutubisha udongo. Dawa ya wadudu hupunguzwa, maana huua kamba. Kamba huuzwa hata Ulaya na Marekani.

Habari hii inapendeza, lakini usimwuze ng'ombe wako upesi. Kwanza tufanye hesabu.

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Mfereji ukichukua sehemu moja ya kumi, umepoteza mita 400 za mpunga. Tuseme ekari yako hutoa magunia 20: sasa utapata kama 18. Basi kamba hawana budi kukulipa kwanza yale magunia mawili, halafu ujira wa kuchimba, kisha mbegu na chakula. Kinachobaki ndicho faida. Wenzetu wa Bangladesh huona gharama kubwa hasa katika mbegu na chakula, na wengi hukopa. Kamba wakifa, deni halifi.

Tena kuna neno la mbegu. Kamba hawa hukulia katika maji baridi, lakini watoto wao wachanga huhitaji maji yenye chumvi kiasi. Ziwa letu Victoria halina chumvi, na bahari iko mbali sana na Buhemba. Ungelazimika kununua mbegu kwa mtu mwingine na kuisafirisha ikiwa hai. Halafu kamba hutaka maji kwa muda wa miezi sita hivi, na hapa kwetu kati ya vuli na masika huwa kuna ukavu.

Ziwani wamo uduvi wadogo, wanaonaswa pamoja na dagaa. Hao si wa kuuza Ulaya. Wengine husagwa kuwa chakula cha mifugo. Lakini hapo ndipo ilipo njia nyepesi kwa mtu wa Buhemba: fuga sato au kambare katika mfereji wa jaruba, uwape pumba za mpunga na uduvi wakipatikana. Samaki hawa huzaliana katika maji baridi, soko lao liko karibu, na wasipouzika, watoto nyumbani watakula. Ila usichanganye vifaranga vya sato na kambare wakubwa, maana watamezwa.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Sumu hiyo ikiingia mtoni hujikusanya mwilini mwa samaki, na mlaji huidhurika polepole, hasa mtoto na mama mjamzito. Kwa hiyo usichimbe mfereji chini ya mahali panapooshwa dhahabu, hata kama ardhi ni ya bure.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kujaribu, mwite bwana shamba, anza na jaruba moja dogo, na uandike kila shilingi inayotoka na kuingia. Mali bila daftari hupotea bila habari.